Mgeni Aliyedhaniwa Mwanamume

Katikati ya mwaka 1962, filamu ya Hatari! ilipoanza kuonyeshwa Marekani, nchi ilikopigwa ilikuwa na Waziri Mkuu aliyewahi kuwa nyota wa sinema. Rashidi Mfaume Kawawa alikabidhiwa kazi hiyo Januari mwaka ule, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu ili akaijenge TANU. Miaka kumi nyuma yake, Kawawa alikuwa mhusika mkuu wa Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba aliyeingia mjini. Wanaoandika juu ya sinema humtaja John Wayne na vifaru. Wanaoandika juu ya siasa humtaja Kawawa wa vyama vya wafanyakazi, Simba wa Vita. Mimi ni mtu wa Singida, zaidi ya kilomita 300 kutoka Arusha kwa njia ya Katesh na Babati, na habari hizi mbili nimekua nazo pamoja. Ya Hatari! niliipata kwenye mkanda wa video. Ya Kawawa niliipata kwa baba yangu, aliyemwona kwenye shuka jeupe kabla ya kumwona jukwaani. Zote mbili ni za aina ninayoipenda kuliko zote katika sinema: kichekesho kinachoanza kwa mtu kudhaniwa siye.

Howard Hawks alifika Tanganyika mwishoni mwa 1960, umri wake miaka 64, vichekesho vya namna hiyo vikiwa vimekwisha kumpa jina. Mwaka 1938 alitengeneza Bringing Up Baby, ambamo Katharine Hepburn ana chui mpole aitwaye Baby, na Cary Grant, msomi wa mifupa ya kale, anaburutwa ndani ya mkasa huo bila kupenda. Halafu anaingia chui wa pili, mkali, wa sarakasi. Hepburn anamfunga kamba huyo mkali, anamvuta hadi kituo cha polisi huku akimkaripia njia nzima, akiamini ni yule wake. Filamu ilipotoka haikuleta fedha iliyotarajiwa. Leo hii watu hawavitaji vichekesho vya Hollywood wakaiacha.

Kwa Hatari! Hawks alichagua Momella, chini ya Mlima Meru. Hadithi ni ya kikundi cha wakamataji wanyama wanaoziuzia bustani za wanyama. Wayne na wenzake walipanda magari wenyewe na kuwakimbiza twiga na vifaru wa kweli, wakiongozwa na Willy de Beer, mtu ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hawks alianza na mbio za wanyama, na mambo ya watu yakaendelea kuandikwa huku kamera zikizunguka. Mambo yenyewe yanaanza hivi. Bustani ya wanyama ya Basel inamtuma mpiga picha. Jina lake limefika kabla yake, la ukoo wa Kitaliano, D'Alessandro, na kambi nzima inajua ni mwanamume. Usiku, Sean Mercer, ndiye Wayne, anarudi kutoka Arusha alikompeleka hospitali mwenzao aliyechomwa na pembe ya kifaru. Anaingia chumbani kwake na kumkuta mwanamke kitandani. Huyo ndiye D'Alessandro. Jina la kuitwa ni Dallas, na aliyeigiza ni Elsa Martinelli.

Jambo hilo Hawks alikuwa amelitenda mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1940, akitafuta mwandishi wa kumsaidia William Faulkner kuandika The Big Sleep, alisoma riwaya moja ya upelelezi yenye maneno makavu na mapigo ya ngumi, akamwagiza katibu wake amwite yule bwana Brackett. Akaingia Leigh Brackett, binti wa California. Hawks alimpa kazi papo hapo, na akaendelea kumpa kwa miaka mingi. Aliyeandika mchezo wa Hatari! ni yeye. Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kudhaniwa mwanamume ndiye aliyemwandika Dallas amesimama katikati ya wanaume walioduwaa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, bora hata kuliko mbio za vifaru, ingawa Russell Harlan alizipiga picha vizuri mpaka akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Mkanda wa Hatari! niliununua Arusha, miaka ya 1990, kwa muuza kanda wa karibu na stendi, nikauleta Singida kwenye begi pamoja na vitenge vya mama. Tuliutazama nyumbani, upande wa Ziwa Kindai: mama, shangazi yangu, ambaye ni dada mkubwa wa baba, na mimi niliyekuwa nikiwatafsiria. Wote wawili hawakujua Kiingereza.

Tulipofika pale kitandani mama aliniambia nisimamishe.

"Huyo binti kaletwa na nani?"

Nikamwambia kaja mwenyewe, ametanguliwa na barua.

"Barua haijibu swali," mama akasema. "Angetangulia mtu, wangemuuliza: huyo mgeni ni wa kiume au wa kike, na atalala wapi? Wangetandika kitanda kingine."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alijua mama anazungumzia nini, na mama alijua kwamba wifi yake anajua.

Baba yangu alikuwa Mnyaturu wa Ilongero. Mama ni Mnyiramba wa Ndago. Kwa miguu ni majirani, na tangu 1963, Mkoa wa Singida ulipozaliwa kutoka lililokuwa Jimbo la Kati, wamekuwa watu wa mkoa mmoja. Kwa ukoo walikuwa mbali. Mnyaturu huhesabu ukoo kwa baba, na ardhi, ng'ombe na jina hushuka kwa wanaume. Mnyiramba, kama jirani yake Mnyisanzu, kwa asili ukoo wake hupita kwa mama, na shauri la kumwoza mtoto haliwezi kukamilika bila mjomba. Siku hizi kanisa, msikiti, mahakama na maisha ya mjini vimeyalegeza hayo. Wakati wa wazazi wangu, muda mfupi baada ya Uhuru, yalikuwa bado yana nguvu.

Washenga wa upande wa baba walikuwa wazee wawili wa Ilongero, watu wenye maneno mazuri, waliokuwa wamekwisha kuoza nusu ya kijiji. Walipanda lori, wakamalizia kwa miguu, wakafika Ndago kwa babu, baba yake mama. Babu aliwapokea kama inavyotakiwa. Walichinjiwa kuku, wakala ugali wa uwele na mlenda, wakapewa vigoda. Ndipo wakatoa neno lao kwa fumbo: wamepotelewa na ndama, na nyayo zimeishia kwenye boma hili. Babu aliwasikiliza hadi mwisho, akajibu kwa utulivu, "Nimewasikia, wageni wangu. Lakini mtoto huyu ana wenyewe."

Akanyamaza. Washenga wakatazamana. Baba mzazi akikuambia, mbele ya Wanyaturu, kwamba binti yake ana wenyewe, maana yake amekwisha kuchumbiwa na ng'ombe wa watu wamo zizini. Mwingine nani awe mwenyewe wa mtoto, kama si baba aliyeketi mbele yako? Wakashukuru kwa chakula, wakalala, alfajiri wakashika njia. Ilongero wakatoa taarifa fupi: tumechelewa.

Babu naye alibaki Ndago akiamini amewaelekeza kwa adabu. Wenyewe aliowasema walikuwa kaka zake bibi, wajomba wa mama. Tena alikuwa amekwisha kuwapelekea habari kwamba kesho au keshokutwa kuna wageni kutoka Unyaturu. Wajomba wakapika pombe ya mtama, wakafagia uwanja, wakangoja. Pombe ikachacha. Wakasema Wanyaturu wametudharau, wameona sisi si watu wa kuendewa. Mama alikaripiwa kwa kumleta mchumba wa ukoo usio na heshima. Baba akachukua kibarua cha reli Itigi ili asiwepo siku ya arusi ya mwanamke ambaye, kwa taarifa aliyokuwa nayo, anaolewa na mtu mwingine.

Ilikaa hivyo kwa majira mazima ya kilimo. Aliyekata fundo ni shangazi, tena bila kukusudia. Alikuwa Kiomboi, hospitalini, akimuuguza mtoto wake, na mama akaja kumtazama jamaa aliyelazwa wodi ya pili. Wakakutana kisimani. Walisalimiana kwa ubaridi, kila mmoja akiwa amebeba lawama yake. Mama ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Yaani kaka yako alipoambiwa aende kwa wajomba zangu, ndipo akakimbilia Itigi?"

"Wajomba gani?" shangazi akauliza. "Si una mchumba wewe?"

"Mchumba gani?"

Shangazi husema kwamba hapo ndipo walipoweka ndoo chini. Wiki iliyofuata washenga walewale waliondoka tena Ilongero, safari hii na mbuzi wa kuwapoza wajomba kabla ya kufungua mdomo.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonionyesha Hatari! ni filamu ya namna gani. Mshenga amewekwa ili watu wasioane kwa kudhania. Kazi yake ni kwenda mbele ya jambo akaulize yale ambayo wahusika hawawezi kuulizana: una mtu, umri wako, ukoo wenu, kuna ugonjwa, nani wa kuendewa, ng'ombe wangapi, nani atakula mbuzi gani. Kambi ya Momella haikuwa na mtu wa kazi hiyo, ndiyo maana kila mtu anadhania lake mpaka mwisho. Kurt, Mjerumani, na Chips, Mfaransa, wanashindana kumpata Brandy, binti mwenye shamba, kila mmoja akiamini mpinzani wake ni yule mwingine, kumbe moyo wa Brandy uko kwa Pockets, dereva mfupi mwenye maneno mengi, ambaye mwenyewe hata hana habari. Mama aliwaonea huruma wale vijana wawili. "Wanagombana wao kwa wao," alisema, "na hakuna aliyemtuma mtu kwa binti."

Shangazi alikuwa na jambo jingine. Aliona kwamba hata mahali penye washenga dhana hupenya, kwa sababu mshenga naye ametoka kwenye boma fulani na amekuja na desturi za boma hilo. Wazee wa Ilongero hawakuwa wajinga. Walikuwa hodari mno katika kazi yao ya nyumbani, na uhodari huo ndio uliowafanya wasiulize swali moja la ziada. Naona ni jambo kubwa alilolisema mwanamke yule akiwa amekaa kwenye mkeka mbele ya televisheni, na sijapata kulisoma likielezwa vizuri zaidi na waandishi wa sinema.

Wakati Hawks anajiandaa kuja Momella, Mmarekani mwingine alikuwa hapa hapa Unyaturu na daftari. Harold Schneider, mwanaanthropolojia, alikaa miongoni mwa Wanyaturu wa Wahi mwaka 1959 hadi 1960. Kitabu chake juu yao, kilichotoka 1970, kinashughulika zaidi na uchumi: ng'ombe, nafaka, ardhi na jinsi vinavyobadilishana. Lakini mwaka 1971 alichapisha makala juu ya mapenzi ya Wanyaturu, mapenzi kwa maana ile ile inayotumika kwenye filamu. Aliandika juu ya mbuya, wapenzi waliochaguana kwa mioyo yao nje ya ndoa iliyopangwa kwa ng'ombe, zawadi walizopeana na tahadhari waliyoichukua. Wasomi wengi wa Magharibi siku zile walishikilia kwamba mapenzi ya aina hiyo ni tunda la Ulaya, na kwamba sisi wengine tunaoana kwa hesabu ya mifugo tu. Schneider aliwapinga akiwa na ushahidi kutoka kwenye maboma yetu. Namshukuru. Nasikitika pia kwamba jambo ambalo kila bibi wa Ilongero angeweza kulieleza jioni moja lilihitaji makala ya kitaalamu ili liaminike.

Dhana hiyo kwamba hatuna mapenzi ilikuwa na ndugu yake katika sinema: dhana kwamba hatuna macho. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharimiwa zaidi na shirika la Carnegie la Marekani, ulitengeneza filamu fupi 35 kwa ajili ya Waafrika. Sauti ilikuwa kwenye santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa lugha mbalimbali, na lori likazizungusha Afrika Mashariki na kusini zaidi. Mada zilikuwa safura, kodi, benki ya akiba ya posta, kilimo bora. Vita ilipoanza 1939 Waingereza wakaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers alifundisha kwamba mtazamaji wa kijijini Afrika hawezi kufuata picha zinazorukaruka, kwamba kila tendo lionyeshwe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, bila hila za kamera. Upande wa pili, wakaguzi wa filamu katika Tanganyika ya kikoloni waliwafungia Waafrika filamu nyingi za Hollywood, kwa hofu ya bunduki na kwa hofu ya wanawake wa kizungu wanaobusiwa. Ukijumlisha hayo mawili unapata vijiji vinavyoonyeshwa minyoo, halafu vinaambiwa haviwezi kuelewa kichekesho.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi katika miaka ya 1970 wakati gari la sinema la serikali lilipokuwa likija. Nayajua macho yale Sellers aliyoyaandikia kanuni, kwa kuwa yangu yalikuwa miongoni mwao. Landrover ilisimama uwanjani, jenereta likawekwa mbali ili kelele zisimeze sauti, shuka likafungwa kwenye nguzo mbili za goli. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi ya mbele, kwa hiyo nusu ya kijiji ilikaa nyuma ya shuka, ambako picha huonekana vilevile ila imegeuka. Tulioketi nyuma tuliona kila mtu anakula kwa mkono wa kushoto na kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Kulipokucha palizuka ubishi mkali: wa nyuma walimlaani bwana shamba wa kwenye filamu kwa kukosa adabu, wa mbele waliapa kwamba ni mtu mwenye heshima zake. Mzee mmoja aliyekuwa akihamahama katikati usiku ule ndiye aliyeamua kesi, akaeleza jinsi shuka linavyogeuza. Hapakuwa na ofisa wa kutueleza, na hakuna aliyehitajika. Kijiji kizima kilikuwa kimetazama, kikadhania, kikabishana na kikaelewa kabla ya jua kuwa kali.

Pembeni ya shuka alisimama mtangazaji na kipaza sauti. Filamu ikisema Kiingereza alitafsiri, ikisema Kiswahili alieleza, na ikikwama alijaza mwenyewe. Sasa naona kwamba alikuwa mshenga. Alisimama kati ya pande mbili zisizojuana, akasema ya upande mmoja kwa namna ambayo upande wa pili ungeyapokea.

Muhogo Mchungu ilitoka mwaka 1952, katika ushirikiano wa serikali ya Tanganyika na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, waliotaka kujaribu filamu za hadithi kwa Kiswahili. Kawawa, mzaliwa wa Songea aliyesoma Tabora, alikuwa mtumishi wa serikali katika maendeleo ya jamii. Hakuwa amefundishwa uigizaji popote. Baba yangu alisema kwamba siku alipoiona filamu ile watu hawakukaa chini, walitazama wakiwa wamesimama, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kwenye shuka alikuwa akikosea kama wao. Mtu wa shamba anadhania mji, mji unamdhania yeye, na mtazamaji anayajua yote mawili. Mtazamaji anaaminiwa kuwa na akili kuliko wahusika, na hilo ndilo lililokosekana katika filamu zote za safura. Kawawa hakudumu kwenye kazi hiyo. Mwaka 1953 alikuwa Urambo akihudumia Wakikuyu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau, mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na baada ya hapo nchi ilimhitaji kwa mengine. Naamini tulipata kiongozi mwema na tukapoteza mchekeshaji ambaye hatujampata wa kumrithi. Filamu zake zinastahili kuonyeshwa katika kila shule ya sekondari nchini, na nasikitika sana kwamba wanafunzi niliowafundisha walimaliza bila hata mmoja wao kuziona.

Miaka ya 1980 na 1990 ilileta mabanda ya video. Singida mjini yalikuwa ya mabati na magunia, benchi za mbao, bango la mkaa nje. Kanda zilikuwa za Bruce Lee, za Commando, za Kihindi. Humo kazi ya mtangazaji wa gari la sinema ilipata mrithi, mfasiri, na maarufu kuliko wote alikuwa marehemu Kapteni Derek Mukandala, Lufufu, aliyeingiza sauti yake juu ya filamu za kigeni, na kanda zake zikafika hadi kwetu. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa wahusika vitongoji na tabia, aliwasengenya, aliwaonya. Mwanamume kwenye filamu akimdhania mwanamke siye, Lufufu alikuwa amekwisha kutuambia ukweli, nasi tulimpigia kelele yule mwanamume kana kwamba anasikia. Wapo wasomi waliomlaumu kwamba anaharibu filamu. Mimi namtetea. Alifanya alichokifanya shangazi kisimani Kiomboi: alisema wazi kile ambacho kila upande ulidhani upande mwingine unakijua.

Turudi kwenye mkanda wangu. Sehemu aliyoifurahia mama ni ile ya tembo mchanga asiye na mama, ambaye Dallas anakataa kumwacha afe. Wanagundua maziwa ya mbuzi yatamfaa, na kundi zima la mashujaa wa kukamata vifaru linageuka wakamuaji wa mbuzi, tena wabovu. Mama, aliyekamua mbuzi tangu utoto, aliwaelekeza kwa sauti. Baadaye tembo wanakuwa watatu, Dallas anaitwa Mama Tembo katika sherehe ya Waarusha, na mwisho anapotoroka kwa kudhani hapendwi, tembo wake ndio wanaopelekwa kumsaka mitaani Arusha, hadi ndani ya maduka. Sean alikuwa anampenda siku nyingi. Mwanamke wa zamani alimwacha kwa kulichukia pori, naye akahitimisha kwamba kila mwanamke atalichukia. Dhana yake kubwa ilikuwa hiyo, na ile ya jina la mgeni ilikuwa mlango wake tu.

Kilichoniuma ni kile ninachokiona kila ninapoirudia. Waafrika wamo katika karibu kila tukio la kukamata. Wanashika kamba, wanafunga mafundo, wanasukuma makreti, wanajua mnyama atageukia wapi kabla hajageuka. Wengi wao hawatajwi kwenye orodha ya waigizaji. Hakuna anayependa, hakuna anayependwa, hakuna anayedhania wala kudhaniwa. Filamu ilipigwa katika miezi ya mwisho ya ukoloni, ikatoka nchi ikiwa huru, na Waziri Mkuu wake alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba Mtanganyika anaweza kukibeba kichekesho kizima mabegani. Hawks angeweza kumpata mtu wa namna hiyo kwa kuuliza tu.

Shangazi aliliona hilo kwa njia yake. Mkanda ulipokwisha, mimi nikiuzungusha mwanzo, aliuliza, "Nani alimfungulia mlango?"

"Nani?"

"Yule binti. Kafika usiku, wenyewe hawapo, wako hospitali Arusha. Kuna mtu kamfungulia. Kuna mtu kambebea lile sanduku, kamchemshia maji, kamwonyesha chumba. Huyo alijua tangu jioni kwamba mgeni ni mwanamke."

Mama akaitikia kwamba ni kweli, na kwamba huyo aliyejua atakuwa mpishi. Shangazi akasema mpishi hakujua peke yake, lazima aliwaambia wa zizini. Wakaanza kuipanga: mpishi ameketi jikoni na wenzake, wanasikia gari la bwana likiingia, mmoja anataka kwenda kumwambia, mpishi anamshika mkono, anasema ngoja kwanza tusikie. Shangazi aliigiza sauti ya kila mmoja, mpishi akawa Mnyiramba na wa zizini akawa Mnyaturu, na walipofika pale bwana anapofungua mlango wa chumba, mama alikuwa amekwisha kuegemea ukuta kwa kicheko na kumwomba asimame kidogo apate pumzi.